Kutoka Rovu hadi Kinundu: Historia ya Majina ya Tezi ya Shingo

Barua iliyotufikia kutoka Ilula ilianza kwa "Kamwene", kama ilivyo ada ya watu wa Iringa, na baada ya salamu hiyo haikuzunguka. Mwandishi wake, muuguzi wa miaka mingi, alieleza habari ya mama mmoja wa huko aliyekuwa ametibiwa saratani ya titi katika hospitali ya mbali. Matibabu yalikuwa yamekwisha, na mama yule alikuwa amerudi kwenye vitunguu vyake. Katika ukaguzi wa kawaida alipigwa picha ya kifua kwa mashine ya siti skani, ili ijulikane kama ugonjwa wake wa kwanza umeacha masalia. Kifuani hakikuonekana kitu. Lakini picha ile ilipanda kidogo hadi chini ya shingo, na huko kikaonekana kitu kidogo mfano wa punje ya mahindi, ndani ya tezi iliyoko mbele ya koo. Taarifa iliandikwa kwa Kiingereza. Aliyemfasiria mgonjwa alisema, "Mama, una tezi shingoni."

Maneno hayo yalitosha. Ukoo ulikutana, ikaaminika kwamba saratani imehama kutoka kwenye titi na kupanda kooni. Shamba la vitunguu likauzwa kabla ya kuvunwa, nauli ikapatikana, na baada ya safari mbili ndefu mama akaelezwa na daktari mwingine kwamba kitu kile ni cha aina inayopatikana kwa watu wengi mno, kwamba hakikuwa na dalili za ubaya, na kwamba kingetazamwa tena baada ya mwaka mmoja. Muuguzi hakutuandikia ili kulalamika. Swali lake lilikuwa la istilahi: "Ndugu zetu wa Baraza, kitu hicho mnakiitaje? Maana nikisema tezi, naambiwa ni ugonjwa. Nikisema uvimbe, naambiwa ni saratani. Nikisema rovu, watu wanamtazama mgonjwa shingoni na hawaoni kitu."

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Jibu lenyewe haliwezi kupatikana kwa kufungua kamusi na kuchagua neno moja, kwa sababu kila moja kati ya maneno aliyoyataja lina historia yake, na historia hiyo ndiyo iliyomfikisha mama yule sokoni na shamba lake. Hapana budi basi kurudi nyuma.

Tuanze na rovu, ambalo ni neno la jicho. Shingo iliyovimba haifichiki. Mtu huiona kwa jirani yake kabla ya yeye mwenyewe kuihisi. Katika nchi za milima, ambako mvua za maelfu ya miaka zimeosha udongo na kuuondolea madini ambayo tezi ya shingo huyahitaji, rovu lilikuwa jambo la kila kijiji. Tezi inayokosa madini hayo hufanya kama mkulima mwenye shamba baya: huongeza eneo. Inakua ili iweze kunasa kile kidogo kinachopita katika damu. Basi uvimbe ule ambao wazee wetu waliuita rovu haukuwa kitu kigeni kilichoota mwilini. Ilikuwa ni tezi yenyewe iliyokuwa ikijitahidi.

Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa jambo hili tangu zamani. Mwaka 1965 daktari Michael Latham alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa rovu katika nchi ya Ukinga, na kuonyesha kwamba huko mwenye shingo iliyovimba hakuwa mtu wa pekee bali alikuwa miongoni mwa walio wengi. Tuseme hapa kwa kupita kwamba chumvi haikuwa haba katika sehemu hizi. Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu walichemsha chumvi karne nyingi kabla ya kuja kwa wakoloni, na Uvinza kadhalika. Lakini chumvi ya namna hiyo haikuweza kuizuia rovu, wala ya bahari peke yake isingeweza, kwani maji ya bahari yakikaushwa, madini yanayohusika hubaki kwa kiasi kidogo mno. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani hadi leo kwamba chumvi ya pwani ni dawa kwa asili yake.

Neno la pili, tezi, ndilo lenye matata. Kamusi ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson, kwa niaba ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, inalipa neno hili maana ya kiungo na maana ya uvimbe kwa pamoja, na kamusi zilizofuata hazikuachana na njia hiyo. Msemaji wa kawaida hakuona shida. Tezi ilikuwa kitu cha nyama kinachotokeza mahali pasipotarajiwa, liwe ni donge shingoni au uvimbe mahali pengine. (Kuna tezi nyingine, ile ya baharini, ambayo ni sehemu ya nyuma ya chombo, na ambayo wasomaji wetu wa pwani wanaijua kwa methali ya tezi na omo. Hiyo haituhusu, ingawa tumewahi kuona mwanafunzi mmoja akieleza methali hiyo kwa habari za magonjwa ya koo.)

Mambo yalibadilika pale elimu ya viungo ilipoanza kufundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa afya alihitaji neno moja la kutaja viungo vyote vinavyotoa majimaji au homoni ndani ya mwili, naye akalichukua tezi. Uamuzi huo haukuwa mbaya. Ni njia ya kawaida ya uundaji wa istilahi: neno la kawaida hupanuliwa maana na kupewa kazi ya kitaaluma. Kasoro ni kwamba maana ya zamani haikuondolewa. Daktari alipata istilahi ya kiungo, mwananchi akabaki na jina la ugonjwa, na wote wawili wakaendelea kutumia sauti zile zile wakidhani wanaelewana.

Kwa tezi ya shingo hasa, kamusi zetu zina neno zuri, dundumio, na waandishi kadhaa wamelitumia katika umbo la tezi dundumio. Ni neno la Kiswahili, lina umbo linalotamkika, na halichanganyikani na kiungo kingine. Hata hivyo ni nadra mno kulisikia hospitalini. Wataalamu wengi husema tezi ya thairoidi, kwa kutohoa, na wagonjwa husema tezi ya shingo. Tukumbuke kwamba hata hiyo thairoidi haina utukufu wa pekee. Mwaka 1656 tabibu Mwingereza Thomas Wharton, alipokuwa akieleza tezi za mwili, aliipa hii jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngao. Aliona umbo, akalipa jina la umbo. Mkinga aliyesema kwa lugha yake kwamba shingo imevimba, na Mwingereza aliyesema kwamba mbele ya koo pana ngao, walifanya kazi moja, ila mmoja aliona tezi katika mtu aliye hai na mwingine aliiona juu ya meza ya kupasulia maiti.

Sasa tufike kwenye sura ya historia hii ambayo sisi wa istilahi hatuna budi kuisoma kwa makini, kwa sababu ni moja ya ushindi mkubwa wa Kiswahili cha afya, nao haukutoka katika kikao cha Baraza. Tunasema juu ya madini joto.

Madini yenyewe yalivumbuliwa na Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811, katika majivu ya mwani, na jina lake la kimataifa linatokana na rangi ya mvuke wake, ambayo ni ya zambarau. Mwaka 1820 Coindet, daktari wa Geneva, alianza kuwapa wagonjwa wa rovu. Miaka mia moja baadaye Uswisi, nchi ya milima kama Ukinga, ilianza kuyatia katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924. Shuleni kwetu mwanafunzi wa kemia aliyajua kwa jina la iodini, na hapo yangebaki, kama Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, isingelazimika kuyapeleka vijijini.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, zikiwamo za Nyanda za Juu Kusini, na katika miaka ya 1990 chumvi yote ya kuliwa ikaagizwa itiwe madini hayo. Ilibidi mama wa Makete aelezwe kwa nini ameze kidonge ilhali haumwi, na mchemsha chumvi wa Uvinza aelezwe kwa nini anyunyizie dawa chumvi ambayo baba yake aliiuza bila kunyunyizia. Neno iodini lisingeweza kubeba mzigo huo. Madini joto lilibeba. Lilichapishwa kwenye pakiti za chumvi, likaimbwa shuleni, likatangazwa redioni, na leo hakuna muuza duka wa Ilula asiyejua maana ya chumvi yenye madini joto.

Tukilipima neno hili kwa vigezo tunavyovitumia mezani kwetu, lingeanguka. Iodini haina joto. Mzungu aliipa jina la rangi, sisi tumeipa jina la hali isiyokuwamo. Lakini yafaa kuongeza kwamba tezi ya shingo, kwa kutumia madini hayo, ndiyo inayotengeneza homoni zinazoamua kasi ambayo mwili huunguza chakula na kutoa joto. Mtu ambaye tezi yake imelegea husikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho. Iwe kwa kukusudia au kwa kubahatisha, neno lilitaja kazi badala ya rangi. Hata hivyo si kwa usahihi huo kwamba lilishinda. Lilishinda kwa sababu lilifika na kitu mkononi. Mwananchi hakupewa istilahi, alipewa chumvi, na istilahi ilikuwa imeandikwa juu yake. Tumekwisha kuchapisha orodha nyingi za Tafsiri Sanifu tangu miaka ya 1970, na maneno mengi yaliyomo yalikuwa mazuri kuliko madini joto, lakini yalitumwa peke yake, bila pakiti.

Katika muda huo huo wataalamu wa dunia walikuwa wakibadili majina pia. Mwaka 1983 Basil Hetzel, daktari wa Australia, alipendekeza kwamba ugonjwa usiitwe tena kwa jina la uvimbe wa shingo, kwa kuwa madhara makubwa zaidi ya uhaba wa iodini ni yale yasiyoonekana shingoni: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na akili iliyodumaa, darasa zima kujifunza kwa shida. Alitaka jina litaje upungufu wenyewe. Kiswahili kilimfuata kwa maneno matatizo ya upungufu wa madini joto, ambayo ni marefu lakini ni ya kweli. Jina lilitoka kwenye kinachoonekana likaenda kwenye chanzo.

Matokeo ya kampeni yanajulikana. Katika miaka ya 1980 kadiri ya robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikuwa na rovu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta takriban asilimia 7, na kaya asilimia 83.6 zikitumia chumvi yenye madini joto. Kijana wa Ilula aliyezaliwa baada ya hapo huenda hajapata kuona rovu kubwa isipokuwa kwa bibi wa kijiji. Neno limeanza kupungua kwa sababu kitu kimepungua, na hicho ndicho kifo chema kuliko vyote ambacho neno linaweza kufa.

Lakini tezi za watu wazima waliokulia katika uhaba hazikusahau. Tezi iliyojitahidi kwa miaka mingi haikui sawasawa. Sehemu moja huzidi nyingine, na ndani yake hutokea madonge madogo yaliyojitenga. Baadhi ya madonge hayo hujizoeza kufanya kazi bila kusikiliza amri za mwili, na ndiyo maana chumvi yenye iodini ilipoingia kwa wingi Zimbabwe na Kivu katika miaka ya 1990, wapo watu wazima ambao tezi zao zilianza kutoa homoni kupita kiasi. Madonge hayo yalikuwapo siku zote. Mkono wa mganga haukuyafikia kwa kuwa ni madogo, na jicho halikuyaona kwa kuwa shingo haikuvimba.

Wala si ya milimani peke yake. Mwaka 1955 madaktari wa kliniki ya Mayo huko Marekani walichapisha uchunguzi wa maiti za watu ambao, walipokuwa hai, shingo zao zilipimwa kwa mkono na kuonekana nzuri. Katika nusu ya tezi hizo mlikuwa na madonge. Nusu ya watu, basi, huzikwa na kitu hiki bila kukijua wala kudhurika nacho. Habari hiyo ilikaa katika vitabu vya wapasuaji maiti hadi zilipokuja mashine za kuona ndani ya mtu aliye hai: kwanza ile ya mawimbi ya sauti, kisha siti skani, kisha kipimo kile ambacho mgonjwa hudungwa sukari yenye mnururisho ili seli zenye njaa kubwa zijitokeze kwa kung'aa.

Mgonjwa wa saratani ndiye anayepigwa picha hizi kuliko mtu mwingine yeyote. Zamani, Mtanzania mwenye saratani alipata tiba ya mionzi Ocean Road tu, katika jengo lililojengwa wakati wa Wajerumani, ambalo mwaka 1996 lilipata kuwa taasisi kamili kwa sheria ya Bunge. Siku hizi mashine za siti skani zimefungwa hata katika hospitali za rufaa za mikoa. Kila mashine inayofungwa hutoa picha za mapafu, ini na mifupa kama ilivyoombwa, na pembeni hutoa picha ya shingo ambayo hakuna aliyeiomba. Tutegemee basi kwamba mama wa Ilula atapata wenzake wengi.

Kitu kilichoonekana kwake kinaweza kuwa mojawapo ya mambo matatu. Mara nyingi ni donge lisilo na madhara. Mara chache zaidi ni saratani ya tezi yenyewe, ambayo kwa kawaida huenda polepole kuliko saratani ile iliyomleta mgonjwa hospitalini. Na mara chache sana ni chipukizi la ile saratani ya kwanza, hasa ya figo, ya titi au ya mapafu. Uwiano wa mambo hayo hutegemea kipimo: donge linalong'aa peke yake katika kipimo cha sukari hukutwa na saratani kwa kadiri ya mara moja katika tatu, nalo halifai kupuuzwa. Kwa hiyo hatutafuti neno la kumbembeleza mgonjwa. Tunatafuta neno ambalo halijaamua kabla ya daktari kuamua.

Kwamba neno huweza kuamua, na kuamua vibaya, si dhana yetu ya mezani. Huko Korea ya Kusini, tangu mwaka 1999, watu wengi waliokwenda kupimwa saratani nyingine waliongezewa kipimo cha shingo kwa malipo madogo. Mwaka 2011 saratani ya tezi iligunduliwa mara 15 zaidi kuliko mwaka 1993, watu zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja, na karibu wote walikatwa tezi. Idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikubadilika. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa nchi kadhaa lilichukua aina moja ya uvimbe wa tezi hii, ambayo ilikuwa ikiitwa saratani kwa miaka mingi, likaiondolea neno saratani kabisa na kuipa jina jingine refu. Hakuna seli iliyobadilika. Lilibadilika neno, na kwa neno hilo maelfu ya watu hawakupasuliwa mara ya pili wala kunyweshwa dawa ya mionzi.

Turudi sasa kwa muuguzi wa Ilula na sentensi ile, "una tezi shingoni".

Kwa mujibu wa elimu ya viungo, sentensi hiyo ni kweli kwa kila binadamu. Kila mmoja wetu ana tezi shingoni. Lakini Kiswahili kina tabia ambayo wanasarufi wetu hawajaieleza ya kutosha: tunapotaja kiungo au kipimo cha mwili baada ya kitenzi cha kuwa na, mara nyingi tunataja ugonjwa wake. Ana presha. Ana sukari. Ana mgongo. Hakuna anayedhani kwamba wengine hawana presha katika mishipa yao wala migongo ya kulalia. Mfano ulio dhahiri zaidi ni tezi dume. Wataalamu walipounda istilahi hii walitaka kutaja kiungo ambacho kila mwanamume huzaliwa nacho; lakini nenda Iringa au Mbeya, sema kwamba mzee fulani ana tezi dume, na watu watakupa pole uifikishe. Istilahi ya kiungo imegeuka jina la maradhi mbele ya macho yetu, ndani ya umri wa mtu mmoja.

Ndiyo sababu tulipolijadili swali la Ilula tulikubaliana upesi kwamba tezi lisiguswe. Libaki kuwa jina la kiungo, na katika maandishi ya afya liandikwe pamoja na jina la pili: tezi dundumio, tezi ya mate, tezi dume. Rovu nalo libaki na kazi yake ya zamani, yaani kukua kwa tezi dundumio kunakoonekana au kushikika. Hapakuwa na ubishi mkubwa hapo.

Ubishi ulikuwa juu ya kile kidonge kidogo chenyewe. Uvimbe lilikataliwa kwanza, kwa kuwa chanzo chake ni kitenzi vimba, na kitu hiki hakijavimbisha chochote. Tena kwa mgonjwa wa saratani neno uvimbe limekwisha kuwa tafsida ya saratani, kwa sababu ndilo alilolisikia siku ya kwanza alipoambiwa habari za titi lake. Mtoki lina mahali pake, kwenye kinena na kwapa. Wapo waliotaka tutohoe neno la Kiingereza moja kwa moja, na hoja yao haikuwa dhaifu: neno geni halina historia, na lisilo na historia halitishi. Tuliwajibu kwa mfano wa saratani yenyewe. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando, na kansa nalo, kupitia Kilatini, lina kaa yule yule ambaye Wagiriki walimwona katika uvimbe wenye mishipa iliyotanda. Msemaji wa Kiswahili aliyapokea yote mawili bila kumwona kaa hata mmoja, na bado yote mawili yanatisha. Neno geni hujaza historia yake haraka sana.

Lililobaki ni kinundu. Nundu ni ile ya ng'ombe, kitu kinachotokeza lakini ni chake, si ugonjwa, na katika karamu ndiyo nyama inayogombewa. Kwa kukidunisha tunapata kinundu, donge dogo. Mmoja wetu alicheka kwamba tunampelekea mgonjwa jina la kitoweo. Lakini mabwana shamba wamekuwa wakilitumia neno hili kwa vile vidonge vidogo vilivyoko katika mizizi ya maharage, na mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anayeng'oa shina la maharage na kuona vinundu hashtuki. Anajua kwamba vingine hutokana na minyoo ya udongo na ni vya kuchunguzwa, na vingine ndivyo vinavyolisha mmea. Hatukuweza kupata neno jingine ambalo mtu wa Ilula tayari analijua kwa maana hiyo hasa: donge dogo ambalo ubaya au uzuri wake haujulikani mpaka litazamwe. Kinundu cha dundumio ndiyo istilahi tuliyoipeleka.

Hatujidanganyi kwamba tabia ile ya ana haitalifikia neno hili pia. Mgonjwa ataambiwa "una kinundu", na baada ya miaka 20 huenda kinundu nacho kikawa jina la maradhi. Hilo si jambo ambalo Baraza linaweza kulipigia marufuku. Tulichoweza kufanya ni kupendekeza kwamba katika fomu za majibu kiima kiwe kipimo, si mgonjwa: picha imeonyesha kinundu katika tezi dundumio, chenye upana wa milimita kadha. Tofauti yaweza kuonekana ndogo, lakini katika sentensi ya kwanza mgonjwa anamiliki ugonjwa, na katika ya pili mashine imeona kitu. Pia tungependa fomu hizo zichapishwe neno hili likiwa limo, kama pakiti za chumvi.

Ilibaki sifa ya kueleza kwamba kinundu kimeonekana bila kukusudiwa. Madaktari wawili wa Marekani waliunda jina la namna hiyo mwaka 1982 kwa ajili ya uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo, kwa kuunga neno lenye maana ya jambo la kando na kiambishi cha Kigiriki ambacho huhitimisha majina ya uvimbe. Lilienea haraka, lakini kiambishi kile kinatangaza ugonjwa kabla haujathibitishwa, na hicho ndicho tunachokikimbia. Sisi tulikuwa na kinundu cha bahati, tukakiacha, maana ni nani atakayemwambia mgonjwa wa saratani kwamba amepata bahati. Kinundu cha nasibu kilipendwa na wenzetu wa fasihi. Kinundu cha sadfa kilielekea kupita.

Kabla ya kulipitisha tulimwandikia muuguzi na kumwuliza maoni yake. Alijibu kwa ukurasa mmoja. Kinundu, alisema, amekwisha kuanza kukitumia, na akina mama wanamwelewa, ila wazee huuliza kama ni cha kukatwa au cha kuachwa, nalo ni swali zuri kwa kuwa sasa linaulizwa kwa daktari na si kwa ukoo. Kuhusu sadfa alisema kwamba kwa upande wake analijua kutoka katika vitabu vya riwaya, lakini wodini haliendi. Yeye huwaambia wagonjwa kwamba ni kinundu kisichotafutwa. Tumeandika yote mawili kwenye kadi, la kwake likiwa juu, na kadi hiyo imo katika faili la kikao kijacho.